Vipindi vya chemsha bongo vya televisheni nchini Uingereza

Vipindi vya chemsha bongo vya televisheni nchini Uingereza ni michezo ya maswali na majibu inayorushwa na vituo vya televisheni vya nchi hiyo. Washiriki hujibu maswali ya maarifa mbele ya watazamaji ili wapate pointi, heshima au fedha. Kila kipindi huwa na mtangazaji anayekiongoza. Yeye ndiye anayeuliza maswali, anayepokea majibu na anayetamka kama jibu ni sahihi au si sahihi.

Vipindi hivi vilianza mwaka 1938 na vimeendelea hadi leo. Baadhi yake, kama *University Challenge* na *Mastermind*, vimedumu kwa zaidi ya miaka 50. Vingine, kama *Who Wants to Be a Millionaire?*, vimenunuliwa na kuigwa katika nchi nyingi duniani.

Ingawa kanuni za michezo hii hutofautiana, zote husimama juu ya jambo moja: mtazamaji aliye nyumbani aamini kwamba swali ni la haki, kwamba mshiriki hajapewa jibu kwa siri, na kwamba mtangazaji hampendelei mtu. Imani hiyo ilipovunjika, vipindi vilifungwa, sheria zilibadilishwa, na mara moja watu walifikishwa mahakamani.

## Aina za vipindi

Kwa jumla kuna makundi manne.

* Vipindi vya heshima. Mshindi hapati fedha, bali kombe na jina. Mifano ni *University Challenge*, *Mastermind* na *Only Connect*. Maswali yake ni magumu na mtangazaji hazungumzi mengi.
* Vipindi vya fedha. Mshiriki hujibu maswali ili ajishindie pauni. Mifano ni *Double Your Money*, *Who Wants to Be a Millionaire?*, *The Weakest Link* na *The Chase*.
* Vipindi vya kila siku vya mchana na jioni. Hivi huandaliwa kwa wingi na kwa gharama ndogo, na hutazamwa zaidi na wastaafu, wanafunzi na watu wanaotoka kazini. Mifano ni *Countdown*, *Fifteen to One*, *Eggheads* na *Pointless*.
* Vipindi vya mzaha. Washiriki huwa wachekeshaji au watu mashuhuri, na pointi hazina uzito mkubwa. Mfano ni *QI*, kilichoanza mwaka 2003.

Kipindi kimoja kinaweza kuwa katika makundi mawili. *The Chase*, kwa mfano, ni cha fedha na pia hurushwa kila jioni siku za kazi.

## Historia

### Mwanzo

Kipindi cha kwanza kilikuwa *Spelling Bee*, kilichorushwa moja kwa moja na televisheni ya BBC tarehe 31 Mei 1938. Kiliongozwa na Freddie Grisewood, na kazi ya washiriki ilikuwa kutaja herufi za maneno kwa usahihi. Mara nyingi kinatajwa kuwa mchezo wa kwanza wa mashindano kuonyeshwa katika televisheni duniani. Wakati huo televisheni ilionekana London na maeneo ya jirani tu, na waliokuwa nayo walikuwa wachache. Mwaka uliofuata televisheni ya BBC ilifungwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, ikafunguliwa tena mwaka 1946.

### ITV na zawadi za fedha

Hadi mwaka 1955 BBC ilikuwa peke yake. Kwa kuwa BBC huendeshwa kwa ada inayolipwa na wananchi wenye televisheni, haikuona vema kugawa fedha hizo kama zawadi za michezo. Mnamo Septemba 1955 ilianzishwa ITV, televisheni ya kibiashara inayoishi kwa matangazo. Mwezi huohuo ITV ilirusha vipindi viwili vilivyokuwa vimezoeleka tayari katika Radio Luxembourg.

Cha kwanza kilikuwa *Take Your Pick*, kilichoongozwa na Michael Miles. Kabla ya kufikia zawadi, mshiriki alipaswa kuzungumza na mtangazaji kwa sekunde 60 bila kutamka "ndiyo" wala "hapana". Cha pili kilikuwa *Double Your Money* cha Hughie Green. Hapa mshiriki alianza na pauni 1, na kila alipojibu swali sahihi fedha ziliongezeka maradufu hadi pauni 32. Aliyeshinda hapo aliweza kuendelea na maswali magumu zaidi hadi pauni 1,000. Vipindi vyote viwili viliisha mwaka 1968.

### Kashfa ya Twenty-One

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilifahamika kwamba nchini Marekani baadhi ya vipindi vya maswali vilikuwa vimepangwa: mshiriki aliyependwa na watazamaji alipewa majibu kabla ya mchezo. Mwaka 1959 Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa amepata umaarufu mkubwa kupitia kipindi cha *Twenty-One*, alikiri jambo hilo mbele ya kamati ya bunge la Marekani.

Uingereza nayo ilikuwa na toleo lake la *Twenty-One*. Liliondolewa hewani mwaka 1958 baada ya mshiriki mmoja kudai kwamba alisaidiwa kupata majibu. Kwa miaka mingi baada ya hapo wasimamizi wa televisheni ya kibiashara waliweka kikomo cha thamani ya zawadi. Hoja yao ilikuwa rahisi: fedha zikizidi, kishawishi cha kudanganya kinazidi pia. Kikomo hicho kiliondolewa katika miaka ya 1990.

### Maarifa kwa ajili ya heshima

Fedha zilipopunguzwa, nafasi ilipatikana kwa vipindi vilivyotegemea ugumu wa maswali yenyewe.

Tarehe 21 Septemba 1962 ITV ilianza kurusha *University Challenge*, kilichotengenezwa na kampuni ya Granada kwa kufuata mchezo wa Marekani uitwao *College Bowl*. Timu mbili za wanafunzi wanne wanne kutoka vyuo vikuu hushindana. Swali la kwanza lina pointi 10, na anayebonyeza kitufe kwanza hujibu peke yake bila kuwauliza wenzake. Akipata, timu yake hupewa maswali matatu ya pointi 5 kila moja, na hapo huruhusiwa kushauriana. Anayekatiza swali kabla halijamalizika akakosea, timu yake hupoteza pointi 5. Kipindi hiki kilisimama mwaka 1987, kikarudi mwaka 1994 kupitia BBC Two.

Tarehe 11 Septemba 1972 BBC ilianza *Mastermind*. Mbunifu wake, Bill Wright, alikuwa askari wa jeshi la anga aliyetekwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliyatumia mahojiano aliyopitia mikononi mwa Gestapo kuwa msingi wa kipindi: kiti kimoja cheusi, mwanga mkali usoni, giza pande zote, na mtu anayeuliza bila kukoma. Mshiriki hujibu kwanza maswali juu ya somo alilolichagua mwenyewe, kisha maswali ya maarifa ya jumla. Asiyejua husema "napita", na washiriki wakilingana pointi, aliyepita mara chache zaidi ndiye mshindi.

### Miaka ya 1980 na vipindi vya kila siku

Channel 4 ilipofunguliwa tarehe 2 Novemba 1982, kipindi chake cha kwanza kabisa kilikuwa *Countdown*, mchezo wa herufi na hesabu uliotokana na kipindi cha Ufaransa, *Des chiffres et des lettres*. Washiriki wawili hupewa sekunde 30 kuunda neno refu kuliko la mwenzake, au kufikia namba iliyotajwa kwa kutumia hesabu za kawaida. Kiliongozwa na Richard Whiteley hadi alipofariki mwezi Juni 2005. Kwa miaka mingi aliyekokotoa hesabu pale studioni alikuwa Carol Vorderman, aliyewafanya watoto wengi waone hesabu kuwa jambo la kufurahisha.

Mwaka 1983 ITV ilianza *Blockbusters*, mchezo wa vijana wa sekondari ya juu ulioongozwa na Bob Holness. Mwaka 1988 Channel 4 iliongeza *Fifteen to One*, ambamo watu 15 waliosimama katika nusu duara waliondolewa mmoja mmoja mpaka akabaki mshindi.

### Pauni milioni moja

Tarehe 4 Septemba 1998 ITV ilirusha kwa mara ya kwanza *Who Wants to Be a Millionaire?* chini ya Chris Tarrant. Mshiriki alijibu maswali 15, kuanzia pauni 100 hadi pauni 1,000,000, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua. Alikuwa na misaada mitatu: kuondolewa majibu mawili yasiyo sahihi, kumpigia rafiki simu, na kuwauliza watazamaji waliokaa studioni. Aliweza pia kuacha wakati wowote na kuondoka na fedha alizokwisha kupata.

Mtu wa kwanza kushinda pauni milioni moja katika kipindi hicho alikuwa Judith Keppel, mwezi Novemba 2000. Swali lake la mwisho lilihusu mfalme aliyemwoa Eleanor wa Aquitaine, na jibu lilikuwa Henry wa Pili. Kipindi kilisimama mwaka 2014, kikarudishwa mwaka 2018 kikiongozwa na Jeremy Clarkson. Mwaka 2020 mwalimu wa historia, Donald Fear, alishinda pauni milioni moja huku akiwa ametumia msaada mmoja tu. Swali lake la mwisho lilihusu haramia aliyeuawa mwaka 1718 karibu na pwani ya North Carolina, yaani Blackbeard.

Mwaka 2000 BBC Two ilianza *The Weakest Link*. Washiriki walijibu maswali kama kundi moja ili wakusanye fedha, lakini kila raundi ilipomalizika walipiga kura ya kumwondoa mwenzao. Mara nyingi mtu mwenye maarifa mengi aliondolewa karibu na mwisho, kwa kuwa waliobaki walimwogopa.

### Kuanzia mwaka 2008

*Only Connect* kilianza mwaka 2008 katika BBC Four. Timu mbili za watu watatu hutafuta uhusiano uliofichika kati ya mambo yanayoonekana hayahusiani.

Mwaka 2009 vilianza vipindi viwili vilivyotawala saa za jioni. Katika *The Chase* cha ITV, watu wanne hukusanya fedha kisha hukimbizwa na bingwa mmoja wa maswali. Akiwafikia, hawapati kitu. Katika *Pointless* cha BBC, maswali huwa yameulizwa kwanza kwa watu 100, na mshindi ni yule anayetoa jibu sahihi ambalo wachache mno, au hakuna hata mmoja, walilikumbuka. Mchezo huu uligeuza desturi juu chini, maana jibu linalojulikana na wote ndilo baya.

Mwaka 2022 ITV ilianza *The 1% Club* kikiongozwa na mchekeshaji Lee Mack. Maswali yake hayapimi kumbukumbu bali uwezo wa kufikiri, hivyo aliyeishia darasa la saba anaweza kumshinda mwenye shahada.

## Kazi ya mtangazaji

Katika kipindi cha chemsha bongo mtangazaji hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja.

Kwanza, yeye ni msomaji. Swali likisomwa vibaya au jina likitamkwa kimakosa, mshiriki anaweza kupoteza haki yake. Katika *University Challenge* hata kasi ya kusoma ina uzito, kwa sababu wachezaji huruhusiwa kubonyeza kitufe kabla swali halijamalizika.

Pili, yeye ni mwamuzi. Kadi iliyo mbele yake ina jibu, lakini mshiriki hatoi jibu kwa maneno yaleyale sikuzote. Mtangazaji hutakiwa kuamua papo hapo kama jibu linatosha, kama aombe ufafanuzi, au kama alikatae. Nyuma yake wapo watunzi wa maswali na wahakiki wanaoweza kusimamisha urekodi pale penye shaka. Mtazamaji lakini huona uso mmoja tu, na lawama au sifa humwendea huyo.

Tatu, yeye ni mwenyeji. Washiriki wengi si watu wa televisheni. Wengine huja na hofu, mikono ikitetemeka. Mtangazaji huchagua kuwatuliza, kuwatania au kuwabana, na uchaguzi huo ndio unaokipa kipindi sura yake.

Ndiyo maana vituo vya televisheni vimewatafuta watangazaji katika fani mbili hasa. Vipindi vya heshima vimepewa waandishi wa habari, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuuliza. Vipindi vya fedha na vya jioni vimepewa wachekeshaji, waigizaji na watangazaji wa redio, watu wanaojua kuongoza hisia za hadhira.

## Watangazaji mashuhuri

Bamber Gascoigne (1935–2022) aliongoza *University Challenge* tangu mwaka 1962 hadi 1987. Alikuwa mwandishi wa vitabu na alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipendwa kwa upole wake: mwanafunzi alipokosa, alimsahihisha bila kumwaibisha.

Jeremy Paxman alichukua kipindi hicho mwaka 1994 na kukaa nacho hadi 2023. Alijulikana tayari kwa mahojiano makali na wanasiasa katika kipindi cha habari cha *Newsnight*, na ukali huo aliuleta kwenye maswali. Jibu la kipuuzi lilipokelewa kwa mshangao wa wazi. Mwaka 2021 alieleza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Aliyemfuata ni Amol Rajan, mwandishi wa habari aliyezaliwa Kolkata, India, na kulelewa London.

Magnus Magnusson (1929–2007) aliongoza *Mastermind* kwa miaka 25, tangu 1972 hadi 1997. Alizaliwa Reykjavík, Iceland, akakulia Edinburgh, na hakuuacha uraia wa Iceland. Alikuwa pia mfasiri wa simulizi za kale za Waiceland. Kengele ya mwisho ilipolia katikati ya swali, alisema, "Nimeshaanza, kwa hiyo nitamaliza," na maneno hayo yameingia katika Kiingereza cha kila siku. Kipindi kilipokoma mwaka 1997 alipewa kile kiti cheusi akaenda nacho nyumbani. *Mastermind* kilirudi BBC mwaka 2003 chini ya John Humphrys, na tangu 2021 kinaongozwa na Clive Myrie, msomaji wa habari wa BBC ambaye wazazi wake walitoka Jamaika.

Bob Holness (1928–2012) alizaliwa Natal, Afrika Kusini. Kabla ya *Blockbusters* aliwahi kuigiza sauti ya James Bond katika redio ya Afrika Kusini mwaka 1956. Kwa vijana wa miaka ya 1980 alikuwa kama babu mpole anayesubiri jibu bila haraka.

William G. Stewart (1933–2017) aliongoza *Fifteen to One* hadi 2003. Mwaka 2001 alitumia kipindi chake kueleza maoni kwamba sanamu za Parthenon zilizoko London zirudishwe Ugiriki. Wasimamizi wa televisheni walimkosoa, kwa kuwa mwuliza maswali hatakiwi kuegemea upande katika jambo linalobishaniwa.

Chris Tarrant alitoka katika redio. Ujuzi wake mkubwa ulikuwa kunyamaza. Mshiriki alipotoa jibu, alimwuliza kama hilo ndilo jibu lake la mwisho, kisha akakaa kimya huku muziki ukizidi kuleta wasiwasi.

Anne Robinson aliongoza *The Weakest Link* hadi 2012. Akiwa amevaa nguo nyeusi, aliwakejeli washiriki na kumfukuza kila aliyepigiwa kura kwa maneno, "Wewe ndiwe kiungo dhaifu kuliko vyote. Kwaheri!" Aliongoza pia toleo la Marekani. Tangu 2021 kipindi kinaongozwa na mchekeshaji Romesh Ranganathan.

Victoria Coren Mitchell ameongoza *Only Connect* tangu mwanzo wake, na Sandi Toksvig alimrithi Stephen Fry katika *QI* mwaka 2016. Hadi mwisho wa karne ya 20 karibu vipindi vyote vikubwa viliongozwa na wanaume.

Bradley Walsh wa *The Chase* ni mwigizaji na mchekeshaji. Yeye hujiweka upande wa washiriki dhidi ya bingwa, na hucheka mwenyewe anaposhindwa kusoma swali lenye jina la kuchekesha. Alexander Armstrong ameongoza *Pointless* tangu 2009, kwa muda mrefu akiwa na Richard Osman, ambaye aliondoka mwaka 2022 ili aandike riwaya.

## Washiriki na swali la elimu

Vipindi hivi vilifanya jambo ambalo shule haikulifanya. Viliwaonyesha Waingereza kwamba maarifa hayakai chuo kikuu peke yake. Mwaka 1980 bingwa wa *Mastermind* alikuwa Fred Housego, dereva wa teksi wa London. Mwaka 1983 alikuwa Christopher Hughes, dereva wa treni, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa mabingwa wa *Eggheads*. Mabingwa watatu wa kwanza wa *Mastermind* walikuwa wanawake. Mwaka 2004 Shaun Wallace, wakili, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda, naye sasa ni mmoja wa mabingwa wa *The Chase*.

Hata hivyo malalamiko hayakukosekana. Oxford na Cambridge huruhusiwa kuingiza *University Challenge* timu ya kila chuo chao kidogo, wakati vyuo vikuu vingine huingiza timu moja tu. Mwaka 1975 timu ya Manchester ilipinga utaratibu huo kwa njia ya pekee: maswali yaliposomwa, wanafunzi walijibu kwa kutaja majina ya wanamapinduzi kama Marx, Lenin, Trotsky na Che Guevara, bila kujali swali lilihusu nini. Kanuni yenyewe haikubadilika.

## Udanganyifu na uaminifu

Tukio linalojulikana zaidi ni la Charles Ingram, meja wa jeshi, aliyefikia pauni milioni moja katika *Who Wants to Be a Millionaire?* mwezi Septemba 2001. Swali lake la mwisho lilihusu jina la namba inayoandikwa kwa 1 ikifuatiwa na sifuri 100, na jibu ni *googol*. Watengenezaji wa kipindi waliposikiliza sauti zilizorekodiwa walisikia kikohozi kila jibu sahihi lilipotajwa, wakazuia malipo. Mwaka 2003 mahakama jijini London iliwatia hatiani Ingram, mkewe Diana, na Tecwen Whittock, mhadhiri aliyekuwa studioni akisubiri zamu yake ya kucheza. Walipewa hukumu ya kifungo cha nje pamoja na faini. Wameendelea kukana kosa hilo, na wapo wanaotilia shaka hukumu hiyo hadi leo.

Mwaka 2007 lawama ziligeukia vituo vyenyewe. Ilibainika kwamba katika mashindano kadhaa ya kupiga simu watazamaji walilipia simu ilhali hawakuwa na nafasi ya kushinda. Kituo cha GMTV kilitozwa faini ya pauni milioni 2 na Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji. BBC ilitozwa pauni 50,000 kwa sababu ya kipindi cha watoto cha *Blue Peter*: simu zilipoharibika, mtoto aliyekuwa akitembelea studio aliombwa ajifanye mpigaji aliyeshinda.

Mwaka 2009 timu ya Corpus Christi, Oxford, ilinyang'anywa ubingwa wa *University Challenge* baada ya kugundulika kwamba mmoja wao hakuwa mwanafunzi tena wakati wa michezo ya mwisho. Ubingwa ulipewa Manchester. Hapakuwa na fedha za kugombania, lakini kanuni ilisimamiwa vilevile.

## Ushawishi nje ya Uingereza

*Who Wants to Be a Millionaire?* kimetengenezwa upya katika nchi nyingi. Nchini India kilianza mwaka 2000 kwa jina la *Kaun Banega Crorepati*, kikiongozwa na mwigizaji Amitabh Bachchan. Toleo la India ndilo msingi wa filamu ya *Slumdog Millionaire* ya mwaka 2008, iliyopata tuzo nane za Oscar. Ndani yake kijana wa mtaa wa mabanda jijini Mumbai anakamatwa na polisi kwa sababu hakuna anayeamini kwamba maskini kama yeye angeweza kujua majibu. Hadithi hiyo ni ya kubuni, lakini inagusa jambo lilelile lililowasumbua wasimamizi wa Uingereza: kabla ya kukubali jibu, watu humtazama kwanza aliyelitoa.

Barani Afrika kipindi hicho kilikuwa na matoleo Afrika Kusini na Nigeria, miongoni mwa nchi nyingine. Kwa upande wa Afrika Mashariki, mwaka 2007 yalianza mashindano ya vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania na Uganda yaliyoitwa *Celtel Africa Challenge*, baadaye *Zain Africa Challenge*. Yalifuata mchezo wa *College Bowl*, yaani mzazi yuleyule wa *University Challenge*. Mwuliza maswali alikuwa John Sibi-Okumu, mwigizaji na mwalimu kutoka Kenya. Baadaye nchi nyingine za Afrika zilijiunga.

Mashindano ya chemsha bongo katika shule za eneo hili ni ya siku nyingi, nayo hufuata kanuni ileile: kengele, saa, jedwali la pointi, na mtu mmoja mwenye kadi ya majibu mkononi ambaye pande zote mbili zimekubali kumwamini.